«Jembe umenipa, udongo ni wa nani?» Maneno juu ya kulima na kuweka chakula nyumbani

(Maneno haya yalitolewa na mhamasishaji wa kilimo wa shirika la kwetu, mbele ya familia zilizohama, familia zilizowapokea na wakuu wa vijiji, kando ya ziwa Tanganyika, territori ya Fizi. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)

  Namshukuru chefu wa kijiji aliyetupatia uwanja huu, na wamama waliofagia mapema kabla sisi watu wa ofisi hatujaamka.

Mara ya mwisho nilipopita hapa nilikuwa na orodha ya watu wa kupewa majembe na mbegu. Nikaanza kusoma majina. Mama mmoja mzee, alikuwa amekaa kule nyuma, akanyoosha mkono akasema: «Mwanangu, jembe umenipa, asante. Udongo utanipa wa nani?» Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini wakati wa kurudi, juu ya pikipiki, sikucheka tena, maana yule mama alikuwa ameuliza jambo ambalo sisi tulipaswa kuuliza kabla ya kununua majembe. Leo nimekuja kumjibu.

Mimi ni agronomu, nimesoma chuo kikuu. Lakini mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mama yangu, katika kambi ya Lugufu, upande wa Kigoma, Tanzania. Wazazi wangu walivuka ziwa na sisi wakati wa vita, nikiwa mtoto wa mgongoni. Tulirudi Kongo kabla ya kambi ile kufungwa mwaka 2009. Kwa hiyo ninaposema juu ya mtu anayelima udongo usio wake, sisemi mambo ya kitabu.

Tuanze na udongo, kama mama alivyouliza.

Miaka michache iliyopita, katika kijiji ambacho sitakitaja, tuliwasaidia watu waliohama kupata shamba. Mwenye shamba alikubali kwa mdomo. Alisema, «Walime tu, ndugu zetu hawa wanateseka.» Sisi tukafurahi, tukapiga picha, tukaandika ripoti nzuri. Mihogo ikapandwa mwezi wa kumi. Mwaka uliofuata, mihogo ilipoanza kupasua udongo, mwenye shamba akafariki. Mtoto wa ndugu yake akatoka mjini, akasema yeye hajui mapatano yoyote, na shamba analitaka. Akafungulia mbuzi ndani. Siku ya tatu vijana wa pande mbili wakakutana njiani na mapanga. Chefu aliingia katikati, na hakuna aliyekufa, tunashukuru. Lakini familia ile ilivuna nusu tu, na mpaka leo watoto wa nyumba zile mbili wanakwenda kuchota maji kwa saa tofauti.

Kosa lile silitii kichwani mwa marehemu, wala mwa yule kijana. Lilikuwa letu sisi wa shirika. Tuligawa majembe kabla ya kuketi chini na watu.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Ni kweli. Lakini hapa kijijini kila mtu anajua shamba hili ni la nani, linaishia kwenye mti gani, na ni babu gani aliyelifyeka. Kwa hiyo mapatano yanafanywa na mwenye shamba, mke wake akiwapo, na mtoto wake mkubwa au ndugu yake akiwapo, kwa sababu hao ndio watakaobaki akiondoka. Chefu anakuwa shahidi. Mtu mmoja anayejua kuandika anaandika kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa ambacho nusu ya watu hapa hatukisomi, na kila upande unabaki na karatasi yake.

Karatasi iseme nini? Mipaka, kwanza. Halafu muda. Maharagi yanatoka shambani kwa miezi mitatu hivi, lakini mihogo inaomba mwaka mzima na zaidi, basi usimwambie mwenye shamba «msimu mmoja» huku mkononi umeshika miti ya mihogo. Kisha iseme atapewa nini: kama ni bure, iandikwe ni bure, kama ni kikapu kimoja katika vitano, au siku za kazi katika shamba lake, iandikwe. Iseme pia kama amani ikirudi na familia ikaenda kwao, au vita vikija na watu wakakimbia tena, mazao yaliyo ardhini ni ya nani. Neno hili la mwisho watu wanaogopa kulitamka, wanaona ni kama kuita balaa. Litamkeni. Ndilo linaloleta ugomvi kuliko mengine yote.

Na ninyi mnaoazima shamba, msipande mchikichi, wala mwembe, wala mti wowote wa kudumu. Kwa desturi ya huku, kupanda mti ni kama kusema udongo ni wangu. Pandeni vinavyong'olewa.

Wakuu wetu, nawaomba kwa heshima: karatasi hiyo isilipishwe. Najua neno hili halifurahishi masikio ya kila mtu hapa.

Kama shamba halijapatikana, bado kuna kiwanja cha nyumba. Lengalenga ukiipanda leo karibu na mahali pa kuogea, baada ya wiki tatu au nne unaanza kuchuma. Gunia bovu ukilijaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, ukaweka mawe katikati kutoka chini mpaka juu ili maji yapite, ukatoboa matundu pembeni, utapanda mboga juu na ubavuni, na maji ya kunawia yanatosha kulinywesha. Gunia lina faida nyingine ambayo watu wa vitabu hawaisemi: mwenye kiwanja akitaka nafasi yake, linasogezwa, na hakuna kesi. Lakini gunia ni mboga. Gunia haliwezi kushibisha familia ya watu wanane, na anayewaambia hivyo anawadanganya.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko kulima. Ndugu zangu, watu wa huku wanajua kulima. Tunaposhindwa ni kuweka. Mwezi wa kwanza maharagi yanajaa sokoni, kila mtu anauza, bei inaanguka. Mwezi wa nne mtu yule yule aliyeuza anarudi kununua, kwa bei ya juu, maharagi ambayo labda ni yake mwenyewe. Na wababa tuambiane ukweli: pesa ya mavuno mara nyingi haifiki nyumbani, inapitia kwanza kwa muuza kasiksi. Halafu miezi ya njaa inafika. Katika kiwanja kimoja wanakaa nyumba mbili, ya mwenyeji na ya aliyehama, wanapika kwenye moto unaoonana. Moshi ukitoka upande mmoja tu, amani ya kiwanja hicho haina siku nyingi. Mimi nimeitwa kusuluhisha ugomvi uliosemwa kuwa ni wa kabila, na nilipokaa chini na wamama nikakuta ulianza na sufuria.

Maharagi yanaharibiwa na unyevu na mdudu. Yakaushe juu ya shitingi au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Ili kujua kama yamekauka kweli, chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi iliyokaushwa vizuri juani, tia maharagi kiasi, funga, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikishika kwenye kioo, maharagi bado yana maji, yarudishe juani. Ikianguka chini yote, yamekauka.

Yakikauka, yapepete, toa yaliyotobolewa, kisha tia katika bidoni safi na kavu yenye kifuniko kinachobana. Bidoni ya mafuta ya kula ioshwe kwa maji moto na sabuni, ikauke kabisa. Bidoni iliyobeba petroli au dawa ya mimea, kamwe, hata ukiiosha mara kumi. Jaza mpaka shingoni, gonga chini ishuke, ongeza tena. Hewa inayobaki ndani ndiyo pumzi ya mdudu. Ikiisha, naye anakufa. Funga, na usifungue kwa mwezi mmoja au zaidi. Kila unapofungua kuchungulia unampa mdudu pumzi. Kwa hiyo ni bora bidoni ndogo tatu kuliko moja kubwa, unafungua moja huku mbili zimelala. Asiye na bidoni anaweza kutumia chungu, akichanganya maharagi na majivu makavu yaliyochekechwa, lakini ayaangalie mara kwa mara. Unga wa dawa unaouzwa sokoni katika vipakiti visivyo na maandishi, mwachieni anayeuuza.

Karanga na mahindi yaliyoota ukungu ni sumu. Ukiosha, sumu inabaki. Ukipika, inabaki. Usimpe hata kuku.

Juu ya mihogo nitakaa kidogo, mnisamehe.

Mihogo ni rafiki wa mtu wa vita. Inakaa ardhini, inakungoja. Wezi wanaweza kubeba magunia yote ya nyumbani kwa usiku mmoja, lakini kung'oa shamba zima ni kazi. Ndiyo maana familia nyingi zinapenda mihogo michungu, maana hata mnyama anaikwepa. Lakini uchungu ule ni sumu, na sumu ile inaondoka kwa kazi na kwa muda. Mtu anayekimbia hana muda.

Kuna ugonjwa unaitwa konzo. Jina hilo linatoka kwa Wayaka wa Kwango, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari mmoja, Trolli, aliandika habari zake mwaka 1938. Mtoto au mama analala mzima, anaamka miguu haina nguvu, imekakamaa, na haitarudi tena kama zamani. Haijaambukizwa na mtu, wala si uchawi. Nasema hili kwa nguvu kwa sababu nimesikia bibi mzee akitajwa kuwa amewafunga watoto miguu, na ninyi mnajua bibi kama huyo anaweza kufanywa nini. Konzo inatokana na kula mihogo michungu ambayo haikutengenezwa vizuri, siku baada ya siku, bila maharagi, bila samaki, bila kitu cha kusaidia mwili kuishinda sumu.

Msidhani ni mambo ya Kwango tu. Mwaka 2011 waganga waliandika juu ya konzo huko Burhinyi, territori ya Mwenga, katika mkoa wetu huu wa Kivu ya Kusini, na wakaihusisha na vita. Na upande ule wa magharibi, barabara ya lami ilipofika na wanunuzi wa Kinshasa wakawa wanangoja mihogo, familia zilianza kuloweka siku moja badala ya tatu ili ziuze haraka. Haraka ile ilikwenda kukaa kwenye miguu ya watoto.

Kwa hiyo: mihogo michungu ilowekwe siku tatu mpaka nne, mpaka iwe laini kabisa ukiibonyeza. Imenywe, iminywe, ikauke juani. Kama maji yako mbali, au kisima ni kimoja na watu ni wengi, wakuu wapange zamu ya mahali pa kuloweka. Hilo si jambo dogo la wamama, ni jambo la baraza la kijiji.

Na kuna njia ya kuongeza, ambayo haihitaji pesa hata franka moja. Unga ukiwa tayari, tia katika beseni, usawazishe, weka alama ubavuni mahali unga ulipofika. Ongeza maji ukikoroga. Kwanza utaona unga unashuka. Endelea mpaka upande tena kufikia ile alama. Kisha utandaze juu ya lungo au mkeka safi, tabaka jembamba, lisizidi unene wa kidole. Uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inatoka na hewa. Halafu pika ugali siku hiyo hiyo, usilaze unga huo wenye maji. Mwaka 2010, katika kijiji cha Kay Kalenda, Popokabaka, wamama walifundishwa njia hii, wakaitumia, na katika muda ule waliofuatwa hakukutokea mgonjwa mpya wa konzo. Lakini njia hii haichukui nafasi ya kuloweka. Fanyeni zote mbili.

Sombe nayo isionewe. Itwangwe vizuri, ichemshwe muda mrefu, sufuria ikiwa wazi mwanzoni. Ukitia karanga za kusaga au ndagala, ndipo imekuwa chakula cha mtoto kweli.

Wakati wa kupanda, chagueni miti kutoka shina ambalo majani yake hayana madoa ya manjano na hayakujikunja. Msikate mti kwa jirani bila kuomba, na mwenyeji usiuze miti kwa aliyehama kana kwamba ni dhahabu. Miti ya mihogo tulizoea kupeana bure.

Sasa mama yangu. Kule Lugufu hatukuruhusiwa kutoka kambini zaidi ya kilomita 4, na chakula chetu kilikuwa cha PAM: unga wa mahindi, maharagi, mafuta, chumvi. Nyuma ya nyumba mama alikuwa na vitalu vitatu vya lengalenga na kunde, vifupi kuliko kitanda. Wakati wa mvua mboga zilizidi. Wengine walizitupa au waliziuza kwa bei ya bure. Yeye alichemsha maji yenye chumvi, akachovya majani muda mfupi tu, akayatoa, akayatandaza juu ya kichanja kivulini, si juani, kwa sababu jua kali linaua nguvu ya mboga. Yakikauka mpaka yanavunjika mkononi, aliyafunga katika mfuko na kuyaning'iniza juu ya mahali pasipo na moshi wala unyevu. Kiangazi, wenzetu walipokula ugali na chumvi, sisi tulikuwa na mboga. Sitasema ilikuwa tamu. Mimi na dada zangu tuliita mboga ile «majani ya chai». Lakini ilikuwako, na mama aliwagawia majirani wawili ambao si wa kabila letu, na mmoja wao ndiye aliyembeba dada yangu mpaka hospitali ya kambi usiku mmoja wa malaria.

Alikuwa na kitu kingine, chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ndani mbegu: lengalenga, maharagi kidogo, nyanya zilizokaushwa, pilipili. Ilikuwa imefungwa katika kitenge karibu na mlango. Aliniambia, «Nyumba tuliiacha, ng'ombe tulimwacha. Chupa hii sitaiacha.» Tuliporudi Fizi, chupa ile ilivuka ziwa pamoja nasi.

Nawaambia hili kwa sababu najua wengi wenu mnafikiri: kwa nini niweke chakula, na kesho nitakimbia? Februari 2025 vita vilipofika Bukavu, na Desemba 2025 vilipofika Uvira, tuliona watu waliokuwa na bidoni tano nyumbani wakitoka na watoto tu. Sina jibu la kumaliza uchungu huo. Lakini usiweke vyote mahali pamoja. Bidoni moja nyumbani, nyingine kwa ndugu wa kuaminika au katika ghala la kikundi, mihogo ardhini, mbegu katika chupa unayoweza kubeba ukikimbia. Na msiwe na tumaini kubwa katika magari yetu. Mwaka huo wa 2025 Marekani ilipokata pesa za misaada yake, mashirika mengi yalifunga au yakapunguza kazi, na kuna familia ambazo zilingoja gari ambalo halikuja.

Kwenu wakuu nina maombi mawili tu. La kwanza, mbuzi na ng'ombe. Shamba la aliyehama likiliwa na mnyama, kesi isikilizwe kama shamba la mzaliwa, kwa kipimo kilekile. Mmoja wenu amekwisha kufanya hivyo, na mbuzi aliyetozwa alikuwa wa shemeji yake. Kijiji kizima kilinyamaza siku ile. La pili, salongo ya ghala la kikundi. Nguzo zifungwe mabati ya kuzuia panya, ufunguo ukae kwa mama mmoja wa wenyeji na mama mmoja wa waliohama, wafungue wote wawili wakiwapo.

Yule mama aliyeniuliza juu ya udongo yuko hapa leo, nimemwona. Mama, wiki iliyopita tumeketi na mwenye shamba lililo nyuma ya shule, mke wake na kijana wake. Wamekubali misimu miwili, maharagi na mahindi, kikapu kimoja katika sita. Karatasi iko kwa katibu wa kijiji, inangoja kidole chako. Isomewe kwako kwanza, mara mbili, na kama kuna neno hulipendi, useme.

Wengine wote tuende pale chini ya mwembe. Beseni liko tayari, unga uko tayari, lungo nimeazima kwa jirani na ameniambia nilirudishe likiwa safi. Jua bado ni kali, zile saa mbili tutazipata.